Ubao wa picha wa mwanangu: wiki 6 za kwanza

Wiki ya 1. Ubao umekamilika: boksi la sabuni nililolifunika kwa kitenge, na juu yake mistari ya velkro niliyonunua kwa fundi cherehani. Michoro 11 niliipakua mtandaoni, nikaichapisha steshenari na kuipiga lamineshini. Mwanangu ana usonji. Nikimwambia "vaa viatu", neno linapita kabla hajalishika. Picha inamngoja.

Wiki ya 2. Imegoma. Mchoro wa choo ulikuwa wa choo cha kukaa, na chetu ni cha kuchuchumaa. Angeutambuaje? Nimebandua kadi zote na kupiga picha kwa simu: choo chetu chenyewe, ndoo yetu nyekundu, kikombe chake cha uji chenye mpini uliovunjika. Alhamisi akaweka kidole juu ya kile kikombe, akageuka kuelekea jikoni. Nililia. Kama unaanza leo, acha michoro ya watu, piga picha za vitu vya nyumbani kwako.

Wiki ya 3 na 4. Asubuhi zinakwenda vizuri. Jambo likiisha anabandua kadi na kuitumbukiza kwenye kopo la maziwa. Anaupenda ule mlio.

Wiki ya 5. Sasa kuomba. Nafuata mbinu ya kubadilishana picha waliyoibuni Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, mwaka 1985. Mwanzoni wanataka watu wazima wawili. Mimi nakaa mbele nimeshika ndizi, bila kuuliza chochote. Bibi yake anakaa nyuma, na mtoto akinyoosha mkono kuitaka, anamwongoza kimyakimya aokote kadi na kunipa. Papo hapo ndizi ni yake. Bibi aliona ni ukatili: "Mama, si umuulize tu mtoto anataka nini?" Nikamweleza kwamba tukimuuliza kila mara atajifunza kungoja swali, na mimi nataka aanze yeye. Siku ya nne alinipa kadi bila kuongozwa. Bibi akapiga vigelegele, mtoto akaziba masikio. Tumekubaliana, vigelegele jikoni.

Wiki ya 6. Nimeongeza kibao cha "Kwanza" na "Halafu". Kwanza kuoga, halafu bembea. Jana alikitazama kwa muda mrefu, akabandua kadi zote mbili na kuzibadilisha nafasi: bembea mbele, kuoga nyuma. Kisha akanitazama usoni.

Ndoo ilikuwa imeshajaa maji ya moto. Nikaifunika, tukaenda kwenye bembea.