Fundi wa kamera Darajani: Ijumaa yangu moja ya mfungo mosi

Nikimwambia mtu kuwa mimi ni fundi wa kamera, kwanza hunitolea simu yake iliyopasuka kioo. Nikimwambia simu sishughuliki nazo, huniuliza kama kamera bado zipo. Zipo, bwana. Mwezi huu wa mfungo mosi, ule unaofuata Ramadhani, kila ukumbi hapa mjini una harusi, kila harusi ina mtu mwenye kamera shingoni, na wengi wao wakipatwa na jambo huishia kwenye kijiduka changu, hatua chache kutoka soko la Darajani, hapa Unguja. Wakishafika, wanaona bei ni kubwa kwa kazi ya kufuta vumbi. Basi leo niwasimulie Ijumaa iliyopita ilivyokwenda.

Saa 11:30 alfajiri. Nimeshasali, naingia jikoni kukaanga changarawe. Ndivyo mke wangu anavyoiita kazi hii. Ni zile chembe za kunyonya unyevu: zikiwa kavu ni za buluu, zikishiba maji zinageuka waridi, nami nazigeuza juu ya moto mdogo mpaka rangi irudi. Kikaango hicho ni changu peke yangu na hakipikiwi chakula, maana ile rangi si kitu cha kuingia tumboni. Mwaka huu mfungo mosi umeangukia kwenye masika, na masika ya Unguja hata chumvi ndani ya kopo inatoa maji. Kwenye masanduku ninamohifadhi kamera za watu nataka kipimo cha unyevu kisome kati ya 40 na 50 kwa mia. Asubuhi ile pale dirishani kilisoma 88.

Saa 1:45, daladala kutoka Fuoni, mkoba nimeupakata kama mtoto mchanga. Kondakta akataka niuweke chini. Nikalipa nauli ya watu wawili, yakaisha.

Saa 2:30 tunafungua. Kijana wangu wa kazi alipoanza alikuja na ufagio, nikamrudisha nao. Dukani kwetu hatufagii, tunapiga deki, kisha tunakaa nusu saa bila kufungua kamera yoyote mpaka vumbi litulie. Wapita njia wanatuona tumekaa tunakunywa chai ya tangawizi, wanasema hawa hawana kazi.

Wa kwanza alikuwa kijana anayetembeza wageni Kizimkazi kuangalia pomboo. Kamera ilianguka baharini Jumatatu. Akaiopoa, akaiwasha aone kama nzima, ikazima, akaiwasha tena, kisha akaizika kwenye ndoo ya mchele siku nne na betri ikiwa ndani. Nilipofungua mlango wa betri zikadondoka punje mbili za mchele, na vile vibati vya shaba vimeshakuwa kijani. Mchele hautoi chumvi. Maji ya bahari yakiingia na betri imo, umeme na chumvi wanafanya kazi yao kwa dakika, wala hawasubiri siku nne. Angechomoa betri palepale, asiiguse swichi, akaniletea siku ileile, pengine tungeongea. Nilimwokolea kadi, picha zote zimo. Hilo nalo alilishukuru.

Kisha akaja mzee mmoja aliyekuwa na studio zamani. Shikamoo, marahaba mwanangu, hali za nyumbani, ndipo akatoa lenzi kwenye ala yake ya ngozi iliyong'aa. Nikawasha tochi kwa nyuma. Ndani ya kioo kulikuwa kumeota kitu kama mwani mweupe, vijitawi vyembamba vikitambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kuvu.

"Lakini nimeitunza, mwanangu. Miaka minne imo kabatini na kanzu zangu za Idi, hakuna aliyeigusa."

Ndiyo shida yenyewe. Ngozi inashika unyevu, kabati lina giza, hewa imesimama, kuvu inataka nini tena? Nikamweleza kwamba nitaifungua na kuisafisha, ila ile rangi ya zambarau iliyopakwa juu ya kioo, kama kuvu imeshaila, alama itabaki. Akainamisha kichwa kama aliyepewa habari za mgonjwa. Mtu wa namna hii nasikia haya kumtajia bei.

Saa 4:10 akaingia bwana harusi. Si bwana harusi mwenyewe, mpiga picha wa harusi, lakini kwa haraka aliyokuwa nayo ungedhani yeye ndiye anayeoa.

"Fundi, vumbi tu. Nina nikaha baada ya alasiri. Nipulizie kidogo niondoke."

Nikamwuliza kama ameigusa ndani. Akaapa hajaigusa. Nikatoa lenzi, nikaitazama sensa, kile kibati cha ndani kinachopokea picha, kwa kioo cha kukuzia. (Tunasema sensa, lakini kinachofutwa ni kioo chembamba kilicho mbele yake. Ukikikwaruza, ni sawa na kuikwaruza yenyewe.) Kulikuwa na mizunguko ya mafuta kama meza ya mkahawa iliyofutwa kwa kitambaa kichafu, na uzi mmoja wa pamba umelala kwenye kona. Nikainusa kamera. Ilinuka ndimu.

"Yakhe, hii ni sanitaiza."

"Hapana."

"Na pamba ya sikio."

Akatazama barabarani. "Kidogo tu, fundi. Nilikuwa sina la kufanya."

Sanitaiza ya mkono haikutengenezwa ikauke isiache kitu. Imetiwa glisirini ili ngozi isikauke. Ukiipaka kwenye kioo inabakia hapohapo, na kila ukiifuta unaitandaza. Kazi ya dakika kumi ikawa ya saa nzima. Hapo ndipo nilipoiwasha kamera na kuona betri imebakiwa na alama moja.

Hapa ndipo tulipogombana. Ili kuifikia sensa ya kamera ya namna ile, unaiambia kamera inyanyue kioo chake cha ndani na kufungua shata, lile pazia lililo mbele ya sensa, navyo vinabaki wazi kwa nguvu ya betri. Betri ikikata ukiwa umeingiza kijiti cha kusafishia, vinakurudia. Shata ni vipande vyembamba kuliko wembe, vikikunjika umenunua shata nyingine. Akasema fanya hivyohivyo. Nikasema sifanyi. Akasema mafundi wengine wanafanya. Nikamwambia awafuate, akakaa. Betri yake ya pili nayo ilikwisha harusi ya jana, na zangu si za aina yake. Nikaichomeka kwenye chaja, na kabla sijaondoa mkono, umeme ukakatika.

Akacheka kicheko cha mtu anayetaka kulia. Kijana wangu akatoka mbio na chaja kwenda kwa muuza juisi mwenye jenereta, akarudi kuniambia tumekubaliwa ila tunywe juisi. Tukanywa. Yeye hakunywa. Alikaa saa mbili kwenye kigoda akipiga simu, na kwa kila aliyempigia alisema yuko kwa fundi anayemchelewesha. Mimi huyo, nimekaa mita moja mbele yake.

Tukaenda msikitini, tukarudi, betri imejaa, umeme bado. Nikasogeza meza mlangoni, nikafunga tochi kichwani. Kwanza kipulizio cha mpira, kamera ikitazama chini ili kilichomo kidondoke. Kisha kijiti chenye kitambaa, upana sawa na kimo cha sensa, matone mawili ya dawa, subiri kidogo isambae. Unaweka ukingoni, unavuta mara moja mpaka ng'ambo bila kuinua, unageuza upande, unarudi. Kijiti hicho ni cha kutupa, hata kikionekana cheupe. Nikapiga picha ya karatasi nyeupe kwa f/22, yaani tundu la lenzi likiwa dogo sana, ambako doa halina pa kujificha. Lililo juu kwenye picha liko chini kwenye sensa, kwa hiyo unafanya kazi akili imepinduka. Kijiti cha pili. Cha tatu. Wakati wote huo bwana wangu ameniinamia begani ananihemea, nami nikamwomba kwa adabu asogee, maana tone moja la mate yake lingeturudisha mwanzo. Cha nne kikatoka safi.

"Elfu hamsini kwa kufuta tu?"

Nikamwonyesha vile vijiti vinne, nikamwambia vingine vya masikio viko duka la dawa, rahisi sana. Akatoa thelathini na tano, akaahidi nyingine. Kabla ya kuondoka akapiga picha ukuta wangu, akaikuza, akapaza sauti: "Doa hili hapa!" Tukatazama wote watatu. Lilikuwa doa la mbu, ukutani.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Umeme ulirudi. Dada mmoja anayepiga picha kwenye hoteli za Nungwi alilalamika kwamba lenzi inaweka ukungu kila akitoka kwenye kiyoyozi. Nikamwambia aifunge kamera kwenye mfuko usiopitisha hewa kabla ya kutoka, aiache kama nusu saa ipate joto la nje taratibu. Hakuna kilichoharibika, sikumtoza. Nikafuta moshi wa udi kwenye lenzi tatu, kazi ya kila mfungo mosi: bibi harusi anafukizwa, mpiga picha anasogea karibu, kioo cha mbele kinapata utando unaonata. Nikaanza lenzi ya mzee, nikaikuta skrubu moja imeng'ang'ania, nikaiacha. Mkono uliochoka unaua skrubu.

Mtu akaleta flashi saa 11 jioni, akataka aisubiri. Nikakataa. Flashi sizifungui baada ya alasiri. Ndani mna kapasita, kidude cha kuweka umeme, inayoshika karibu volti 300 hata betri ukiwa umeitoa, na kidole gumba changu cha kushoto kina kovu la siku niliyodhani nakumbuka kuwa nimeshaitoa umeme. Kijana wangu nimemkataza kabisa kuzigusa mpaka nimwone mwenyewe akiwa na subira. Mwenye flashi akasema nina maringo.

Saa 4 usiku nimelala chali, kiuno kinauma, mke wangu amekwisha kunitengea kile kikaango cha changarawe cha kesho. Simu ikalia. Ujumbe wa sauti, nyuma yake vigelegele na kinanda.

"Fundi, maashaallah, picha safi kabisa, hakuna hata doa. Ila lenzi imemwagikiwa sharubati. Nimeifuta na leso lakini inanata. Kesho unafungua saa ngapi?"

Nikamwandikia: usiifute tena. Saa 2:30. Njoo na elfu kumi na tano yangu.