Volti 38 Zisizoshuka: Nilivyofufua Pawasaplai Yangu ya Mezani

Mbalamwezi ikitoka, mimi napata kazi. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani usiku wenye mwanga, kwa hiyo siku hizo ndizo wanazoshusha taa zao pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na kuniletea zilizokorofisha. Mwezi huo nilikuwa na taa kumi na moja mezani, na pawasaplai yangu, ile mashine ya kunipa volti ninazotaka za kujaribia taa, ikaamua kufa. Ingekufa kistaarabu nisingelalamika. Ilikufa huku inatoa volti 38.

Nilijuaje? Taa ya mteja ndiyo iliyoniambia. Nimeseti 12, nimeunga waya mbili, pa! Moshi. Taa nikailipa. Sitaji kiasi, maana mama watoto hajui mpaka leo.

Mashine yenyewe ni ya kizamani, transfoma nzito kama jiwe la kusagia, mita mbili za mshale mbele, na mgongoni transista mbili za 2N3055, zile za kofia ya chuma, ambazo ni kama koki za kupunguza umeme unaotoka. Inatoa volti 2 mpaka 30, ampea 3. Niliipata Makoroboi kwa mzee aliyekuwa anaiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Basi ushauri ukamiminika. Kila fundi aliyepita kibandani alisema neno lile lile: "Transista zimepiga shoti, badilisha, washa, kazi imeisha." Na kweli, nilipozitoa nikapima kolekta na emita, yaani pale umeme unapoingilia na unapotokea, mita ililia piii, geuza waya, piii tena: umeme unapita moja kwa moja. Hapo walipatia. Ila ile "kazi imeisha" ndiyo iliyonila wiki nzima.

Kwanza nusura nijitie kilema. Nilichomoa plagi, nikajiona nimemaliza, nikapitisha bisibisi juu ya miguu ya ile kapasita kubwa ya mikrofaradi 4700, inayotunza umeme hata plagi ikitoka. Cheche iliyotoka! Ncha ya bisibisi ina kishimo mpaka leo, nawaonyesha vijana. Siku hizi namaliza chaji yake kwa rezista nene, naishikilia hapo mpaka mita isome karibu na sifuri.

Nikanunua transista mbili mpya mjini, elfu nne au tano hivi kwa pamoja, maandishi yanang'aa kama sahani ya harusi. Nikafunga. Nikawasha kupitia balbu ya wati 100 niliyoiunga kwa siriz, yaani umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo ufike kwenye mashine. Iwe ya nyuzi, hii ya LED haikusaidii kitu, na siku hizi za nyuzi nazipata kwa wanaolea vifaranga. Balbu ikamulika kidogo ikafifia, maana yake ndani hakuna shoti. Nikaondoa balbu, nikaweka volti 12, nikaunga taa ya mbele ya pikipiki iwe mzigo. Inawaka vizuri. Nikaagiza chai.

Chai haijafika, taa ya pikipiki ikageuka nyeupe pe, ikapasuka.

Hasira zikanishika. Nikachukua msumeno wa chuma nikakata kofia ya transista moja mpya, halafu nikakata na moja ya zamani iliyokufa, nikaziweka pamoja kwenye karatasi. Ya zamani ndani ina kipande cha silikoni karibu sawa na ukucha wa kidole cha mwisho. Hiyo mpya? Punje ya mtama! Volti 38 zinaingia, 12 zinatoka, kwa karibu ampea 3. Hizo ni wati 75 na ushee za joto ambazo transista mbili zinatakiwa kuzimeza. Punje ya mtama imeze wati 37? Karatasi ile nilimpelekea muuzaji. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Kaka, hizo ndizo zilizopo sokoni."

Za kweli nilizikuta kwenye amplifaya mbovu niliyokuwa nimeifanya kigoda. Jirani yangu akashauri nipake dawa ya meno chini yake badala ya ile pesti nyeupe ya kupitisha joto. Nilijaribu kwenye bati tupu: kesho yake imekauka, inabanduka magamba. Nikanunua pesti. Na kile kikaratasi cha maika cha kuzuia umeme usishike bodi ya chuma usikisahau, kofia yenyewe ndiyo kolekta.

Nikawasha. Volti 35. Nazungusha volyumu, kile kitufe cha kuchagulia volti, mshale haujongei.

Hapo nilitaka kuitupa ziwani. Ila ile 35 ikanisumbua kichwani. Mwanzo ilikuwa 38, volti zote za ndani zinapita kama bomba lililopasuka. Sasa zinabaki volti tatu juu ya transista. Kumbe transista ni nzima, zinatii amri, ila aliyeko juu yao anaziambia fungueni mpaka mwisho!

Nikainamisha sanduku ubavu nitazame bodi, kiganja kikaegemea kitufe cha volyumu. Mshale ukaanguka mpaka 9. Nikaachia, 35. Nikabonyeza, 9. Nilicheka peke yangu mpaka muuza sato wa jirani akauliza, "Fundi, kulikoni?"

Ulimi wa ndani ya volyumu ulikuwa umechoka, haugusi njia yake ya kaboni. Ulimi ukiachia, saketi haioni tena volti zinazotoka, inadhani zimepungua, inaongeza, inaongeza. Nadhani ndivyo taa ya mteja ilivyoungua, ikapiga shoti, ikazivuta transista nazo. Zilikuwa maiti, si muuaji. Hakuna hata mmoja wa wale washauri aliyegusa kile kitufe, na mimi pia.

Nikafunga volyumu ya redio, kiloomu 10 vilevile, nikajipongeza mapema. Nusu ya kwanza ya mzunguko volti hazikwenda hivyo nilivyozoea, nusu ya pili zote zimerundikana mahali pamoja. Za sauti huwa hazipandi sawasawa. Ya kupanda sawasawa niliipata kwa elfu mbili.

Halafu nikafanya ujanja ambao najivunia kuliko yote: rezista ya kiloomu 100 kutoka kwenye waya wa volti zinazotoka mpaka kwenye ule ulimi. Sasa ulimi ukiachia tena, saketi inaziona volti zote na inashusha. Nilijaribu kwa kuchomoa waya wa ulimi makusudi. Mshale ukalala kwenye 2, ukatulia.

Taa zile kumi zilizobaki zilirudi ziwani kabla siku za giza la mwezi hazijaanza. Mzee mmoja wa Igombe alipochukua zake aliniambia "wabeja", asante ya Kisukuma, mara mbili. Na yule jirani wa dawa ya meno jana amekuja kuazima pawasaplai. Nimemwambia aje nayo kazi yake, aifanyie hapa hapa mezani kwangu.