Jinsi nilivyovipa makao vikorokoro vya laptopu

Naandika hesabu za maduka madogo Kariakoo, na sina ofisi. Nakaa kwenye kaunta ya mteja wa siku hiyo, na kaunta yenyewe tayari ina kikokotoo, mashine ya EFD ya kutolea risiti, daftari la madeni, chupa ya chai na pengine jora la kitambaa ambalo mtu anasubiri akatiwe mita tatu. Mimi naachiwa kona ya kuegesha kiwiko. Laptopu ikishafunguliwa hapo nafasi imekwisha, na bado nina mausi, diski ya nje yenye kumbukumbu za wateja, flashi, adapta yenye matundu mengi, chaja, pawabenki na simu ya kurushia intaneti.

"Dada mhasibu, mbona laptopu yako ina mikia?" aliniuliza mzee wa duka la spea, akiitazama adapta inavyoning'inia ukingoni mwa kaunta na diski ikining'inia chini yake. Wauzaji wake walicheka. Nami nilicheka, lakini jioni ile nilivimwaga vitu vyote kitandani nikaanza kujiuliza kila kimoja kinafanya kazi lini na kikiwa wapi.

Watu wengi wakifika hapo wananunua begi kubwa lenye mifuko mingi. Mimi silipendi. Mifuko kumi na miwili maana yake ni sehemu kumi na mbili za kupapasa mbele ya mteja anayesubiri risiti zake, halafu begi lenyewe lazima lipande mwendokasi nami kutoka Kimara asubuhi, kifuani, katikati ya watu waliobanana hadi Gerezani. Nilitaka kitu cha namna nyingine: kinachotumika nikiwa naandika kikae juu ya laptopu yenyewe, na kisichotumika wakati huo kikae kwenye begi mahali pamoja, kinachoonekana mara moja.

Nilianza na matundu, maana ndiyo ghali kutengeneza. Kiwango cha USB kinataka tundu lile la zamani la mstatili listahimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500. Tundu la USB-C, ambalo viwango vyake vilitoka mwaka 2014, linatakiwa kufika mara 10,000. Kwa mtu anayeletewa flashi na kila mwenye duka, hiyo 1,500 haiko mbali. Na hata kabla ya kufika huko, kinachoua tundu ni kupindwa. Flashi ndefu ikichomoza pembeni, mpita njia akaigusa na kiroba, nguvu yote inaishia kwenye risasi ya kulehemu iliyoshikilia tundu kwenye bodi. Kwa hiyo nilinunua Mtaa wa Aggrey waya mfupi wa kurefushia USB, urefu wa kiganja. Nauchomeka asubuhi nikifika, na flashi za wateja zinaingia kwenye tundu la waya huo mpaka jioni. Ukilegea nanunua mwingine. Ni bei ya sahani ya wali maharage. Nikifunga kazi nauchomoa. Kinachoruhusiwa kusafiri kikiwa ndani ya tundu ni kile kipokezi kidogo cha mausi tu, ambacho hakizidi ukucha.

Kipokezi hicho kilinisumbua kwa jambo ambalo sikulitegemea. Nikichomeka diski ya nje kwenye tundu la pembeni yake, kishale cha mausi kinaanza kurukaruka, kinakwama, kinatokea kwingine. Nilibadilisha betri, nikabadilisha na mausi yenyewe, ikawa vilevile. Kumbe ni jambo linalojulikana: kampuni ya Intel ilichapisha maelezo yake mwaka 2012. Vifaa vya USB 3.0, ile ya kasi kama ya diski yangu, vikiwa vinasafirisha data hutoa kelele ya redio katika masafa ya 2.4 GHz, na ndiyo masafa ambayo mausi nyingi zisizo na waya huzungumzia. Dawa ni umbali. Kipokezi kilihamia kulia, diski ikabaki kushoto, na kishale kikatulia.

Kisha ndipo nilipoingia kwenye kubandika.

Nilijaribu sumaku kwanza kwa sababu zinapendeza: kibati chembamba chenye gundi kwenye laptopu, sumaku kwenye diski, tap, imeshika. Nilipokiweka kile kibati karibu na kibodi, upande wa kupumzishia mkono, na diski ikakaa juu yake, skrini ilizima katikati ya kuandika. Nikaiondoa diski, ikawaka. Nikairudisha, ikazima. Laptopu nyingi hujua kwamba zimefungwa kwa kuhisi sumaku iliyomo kwenye kifuniko, kwa hiyo ukiiletea sumaku nyingine karibu na kihisi hicho inaamini umeifunga, nayo inalala. Wenye duka walidhani ni virusi. Juu ya hilo, kadi ya benki ya mstari mweusi haitakiwi kulala begi moja na sumaku kali, na kadi za wateja mara nyingi napewa nikazihakiki nambari. Sumaku nikaziacha.

Nikaenda kwenye velkro, ule utepe wa viatu vya watoto unaolia krrr ukiubandua. Aliyeubuni ni Mswisi, George de Mestral, baada ya kuona mbegu za mmea wa kwao zilivyong'ang'ania manyoya ya mbwa wake. Sisi tungeweza kuujulia kwenye kishonanguo. Upande mmoja una vindoano vigumu, mwingine una vitanzi laini, na uamuzi mkubwa kuliko wote ni kuchagua upande gani unakaa wapi, kisha kutobadilisha kamwe. Mimi nimeweka laini kwenye laptopu na vindoano kwenye kila kifaa. Sababu ya kwanza: laptopu ndiyo inayonigusa mimi, na vindoano vinang'oa nyuzi za mtandio. Sababu ya pili: vifaa vyote vikiwa na upande mmoja, chochote kinaweza kukaa popote. Adapta inapokaa leo, kesho inakaa diski. Ukichanganya, kila kitu kitakuwa na mlango wake mmoja tu, na utarudi kupapasa.

Gundi ya velkro hainati kwenye mafuta ya mikono. Nilipangusa sehemu kwa spiriti ya duka la dawa, nikaacha ikauke, nikabandika na kukandamiza kwa kidole gumba, halafu nikaiacha ilale hadi kesho yake bila kuitundika kitu. Sehemu ya chini ya laptopu sikuigusa kabisa. Kule kuna joto, gundi inalainika na kuteleza kama ubuyu uliokaa juani, na kuna matundu ya kupitishia hewa ambayo hayatakiwi kuzibwa hata nusu. Nilibandika nyuma ya kifuniko, chini karibu na bawaba. Ukibandika juu, kila ukifungua, uzito wa kifaa unaivuta bawaba, na skrini inaanza kuinama nyuma yenyewe. Isitoshe antena za Wi-Fi kwenye laptopu nyingi zimepita ukingo wa juu wa skrini, na diski yenye ganda la bati si kitu cha kuziegemezea.

Diski yenyewe ilibidi iwe ya aina ya SSD. Ile ya zamani ndani yake ina sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma kikiwa kimeinuliwa juu yake kwa upenyo usioonekana. Kifuniko cha laptopu kinatikiswa kila dakika, kwa hiyo kuiweka pale ni kuitafutia mauti. SSD haina kinachozunguka, na ni nyepesi kiasi kwamba bawaba haina habari nayo. Pawabenki nayo nimeinyima kifuniko: nzito, na ikichaji inapata joto lake. Hiyo inakaa kwenye begi, waya unatokeza kwenye zipu.

Begi nililipeleka kwa fundi.

"Fundi, nataka ubao mwembamba uingie mgongoni mwa begi, uso wote uwe velkro laini."

"Wote, dada? Velkro nyingi hiyo. Kwani unabandika nini?"

"Chaja, waya, adapta. Kila kitu."

"Basi wewe unataka ukuta, hutaki begi." Akafikiri kidogo. "Velkro itakugharimu bure. Nikuwekee kitambaa cha dari ya gari. Vindoano vinakishika vizuri."

Alichukua kipande cha vindoano akakipachika kwenye mabaki ya kitambaa kile chenye manyoya mafupi, akavuta, hakikutoka. Alianzia elfu kumi na tano, tukamalizana kwa elfu kumi na mbili, ubao wake ukiwa kipande cha plastiki ngumu ya ndoo. Fundi huyu angekuwa nchi nyingine angekuwa anachora mabegi ya kampuni kubwa. Ubao unachomoka: nikifika dukani nautoa wote na kuutundika kwenye msumari au mpini wa droo, na vitu vyote viko mbele ya macho yangu bila kuchukua hata inchi ya kaunta. Nikiondoka, nafasi tupu ubaoni inaniambia ni nini nimekisahau.

Chaja ndiyo iliyokuwa na ubishi. Waya wake sikuukazi kuzunguka tofali lake, hata kama ndivyo unavyokuja kwenye boksi la dukani. Pale unapotokea kwenye tofali naacha kitanzi kilegevu kwanza, kisha ndiyo naukunja kwa mizunguko mikubwa na kuufunga kwa rababendi ya kufungia noti, ambazo Kariakoo hazikosekani. Nyaya hufia shingoni, pale zinapokunjwa mahali palepale kila siku. Halafu kuna plagi yetu ya pini tatu, ambayo ukiirusha kwenye begi huangukia vyovyote pini zikitazama skrini. Nimeivisha soksi ya mtoto wangu iliyopoteza mwenzake. Wateja wanaiulizia soksi kuliko wanavyoulizia VAT.

Mwezi unapokaribia tarehe 20, siku ya mwisho ya kupeleka ritani za VAT, naweza kuzunguka maduka kadhaa kwa siku moja, na hapo ndipo mpangilio huu unanilipa. Nakaa, nautundika ubao, nafungua laptopu ambayo tayari ina diski mgongoni, nachomeka waya wa diski na ule mfupi wa flashi, naanza. Yule mzee wa spea amehamia kwenye kuuliza kama fundi anaweza kumtengenezea ubao wa bisibisi.

Kitu kimoja sikukiweka ubaoni wala kwenye laptopu, nacho ni nakala ya pili ya kumbukumbu. Diski iliyobandikwa kwenye laptopu inaibwa pamoja na laptopu. Kwa hiyo ile diski yangu ya zamani ya kuzunguka inakaa nyumbani, kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi za viatu, maana masika ya Dar unyevu unaingia hadi kabatini. Kila Ijumaa usiku naichomeka, inanakili wiki nzima, narudi kuifungia. Zote mbili zimefungwa kwa nywila, kwa kuwa mauzo ya mtu ni siri yake, na nywila hiyo haijaandikwa kwenye karatasi yoyote iliyomo ndani ya begi.