Jino limetoka na mzizi wake

Ndiyo kwanza tumerudi kutoka kwa daktari wa meno. Jino la mwanangu nimelikunja kwenye karatasi.

Ana miaka 3. Hakuanguka, hakugongwa. Asubuhi alikuwa anatafuna tu, likatoka.

Daktari akaligeuza kwenye mwanga, akanyamaza kidogo.

"Mama, hebu ona mzizi."

Upo wote. Mrefu, mzima, umechongoka. Meno ya utotoni huanza kung'oka kwenye miaka 6 hivi, na mzizi unakuwa umeshaliwa na mwili wenyewe. Hili limeteleza tu, kama halikushikwa na kitu.

Ametuandikia kipimo cha damu, fosfatasi ya alkali. Ni kimeng'enya kinachotokana na jeni ya ALPL, kazi yake kuvunja pirofosfati, ambayo huzuia madini kujijenga kwenye mifupa na meno. Kikiwa kidogo, pirofosfati inarundikana na mzizi haushikwi vizuri. Kumbe kipimo kuwa chini nako ni tatizo! Mimi nilizoea kuogopa cha juu tu.

Majibu bado.

Mwenyewe anacheza, hana habari. Mimi kila mara nafungua karatasi naangalia ule mzizi.

Kuna mzazi hapa amepitia hili? Mlianzia wapi? Niandikieni, hata usiku nitasoma.