Kila mtu alimpa "kidogo tu"

Mwaka juzi tarehe 26 Desemba, saa kumi na moja alfajiri, mi nilikuwa nimechuchumaa uani, simu mkononi na tochi imewashwa, nachokoa matapishi ya mbwa kwa kijiti kuangalia kama kuna mfupa. Hiyo ndo sikukuu yangu ilivyoisha.

Mbwa wangu anaitwa Bosi. Ni mbwa wa kawaida tu wa Kimara, hana ukoo wowote wa kizungu, chakula chake ni dona na dagaa mara mbili kwa siku na hajawahi kulalamika. Sasa siku ya Krismasi tulikuwa watu 23 nyumbani, pilau, kuku, mbuzi wa kuchoma, na Bosi anazunguka chini ya viti na yale macho yake ya yatima. Shangazi, ambaye kwake kutupa chakula ni dhambi, kakusanya mifupa ya kuku kwenye sinia akammwagia yote, namwambia shangazi samahani, ile ya kupikwa inamuumiza, akanijibu "mwache na yeye ale sikukuu, kwani yeye si kiumbe?" Ukishaambiwa hivyo na shangazi utasema nini tena.

Asubuhi daktari wa mifugo akaniuliza swali moja tu, kala nini na kiasi gani? Nikapiga simu kwa ndugu mmoja mmoja. Shangazi mifupa, kidogo tu. Mjomba mafuta ya mbuzi, kidogo tu. Watoto pilau, kidogo tu. Shemeji yangu mmoja (simtaji) alimwekea bia kwenye kifuniko ili wacheke, kidogo tu. Yani hakuna aliyefanya kosa kubwa, ila ukijumlisha "kidogo tu" za watu 23 unapata mbwa ambaye hawezi kusimama. Drip, sindano, siku tatu hali kitu. Bahati mfupa haukuwa umekwama.

Alichonieleza yule daktari ndo nimekishika mpaka leo. Mfupa wa kuku ukishapikwa unakauka, mbwa akiutafuna unapasuka vipande vyenye ncha, vinaweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kuchoma kongosho. Pilau nayo ina vitunguu maji na vitunguu swaumu, hivyo hata vikiiva vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na paka ndo mbaya zaidi, afu wale mnaotia zabibu kavu kwenye pilau mjue zabibu zinaweza kuua figo za mbwa. Chokoleti pia ni sumu kwao. Mi nilikuwa najua ya chokoleti tu kwa sababu kwetu haipatikani kirahisi hivyo, haha.

Basi Krismasi iliyofuata nikabadilisha utaratibu. Bosi tangu saa mbili asubuhi, kabla mgeni wa kwanza hajabisha, yuko chumba cha uani na maji yake na kanga kuukuu anayolalia, funguo mfukoni kwangu. Sikumfunga mnyororo, mbwa akiwa na hofu anaweza kujinyonga nao akijaribu kuruka ukuta. Na chumba hicho kinasaidia mengi kwa wakati mmoja, maana siku ya wageni geti haliwi geti tena, kila mtoto anayetumwa soda analiacha wazi, na barabara yetu ina bodaboda zisizojua breki. Halafu kuna mama jirani yetu Mwislamu anakuja kila mwaka na wanae, kwake mate ya mbwa yakigusa nguo ni kuosha mara 7, moja kwa udongo, kwanini nimtie mgeni wangu kwenye kazi hiyo siku ya furaha?

Watoto pia. Mbwa mpole akivutwa mkia na watoto wanane asiowajua anaweza kung'ata, na hapo usiseme "ni mbwa wa nyumbani hana neno". Kidonda kinaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, afu hospitali moja kwa moja, na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe mahali unapoijua, sio "ipo ndani sehemu".

Paka yeye hana shida na wageni, akiona viatu vimejaa mlangoni anapanda juu ya kabati mpaka kesho. Shida yake ni zile nyuzi za kung'aa za mti wa Krismasi, akizimeza zinaukunja utumbo na hapo ni kisu. Mwaka huu mti wetu una mipira tu na mama watoto kanuna.

Mkesha wa mwaka mpya ndo mgumu kuliko yote. Fataki zikianza saa sita usiku Bosi anatetemeka meno yanagongana, na masikio yake yanasikia hata sauti ambazo sisi hazitufikii kabisa. Nafunga madirisha, nawasha redio kwa sauti, nakaa naye huko chumbani. Ndio, mwaka mpya nimeukaribisha nimekaa sakafuni na mbwa, cheka tu.

Na mifupa? Niliweka ndoo yenye mfuniko, nikamkabidhi shangazi kuwa msimamizi. Asee, alikaa na ile ndoo kama mhasibu. Mjomba alipopita na paja la kuku anaelekea uani nikamsikia, "We! Rudi hapa, unataka kumuua mtoto wa watu?"

Saa mbili usiku Bosi kapewa dona na dagaa. Kamaliza, kalamba bakuli.