Hesabu viungo, usihesabu neva: nilivyokwamua madai ya mgongo

Nashughulikia madai ya bima katika kliniki ya maumivu hapa Marekani. Nilipokabidhiwa meza, madai mengi yaliyokwama yalihusu tiba moja: kuchoma neva za kiuno kwa mawimbi ya redio. Wagonjwa wengi ni wazee ambao maumivu yao hutoka kwenye viungo vidogo vinavyoshikanisha pingili za mgongo kwa nyuma. Ncha ya sindano hupashwa moto hadi nyuzi 80 hivi, neva ikaungua, na mtu akapata nafuu kwa miezi kadhaa.

Nilichukua ripoti za daktari nikazilinganisha na madai, moja baada ya nyingine. Tatizo halikujificha. Daktari huandika neva alizochoma, ilhali bima hulipa kwa kiungo, na kila kiungo kina neva 2. Akitibu viungo vya chini kabisa kiunoni, L4-L5 na L5-S1, upande wa kulia, amechoma neva 3, kwa kuwa moja inahudumia viungo vyote viwili, lakini viungo ni 2 tu. Hapo inaandikwa namba ya malipo 64635 kwa kiungo cha kwanza na 64636 mara moja kwa cha pili. Madai niliyoyakuta yalikuwa na 64636 mara mbili. Tena picha za eksirei za kuongozea sindano zilidaiwa peke yake, wakati zimo ndani ya namba hizohizo tangu zianze kutumika 2012.

Hayo yalirekebishika. Kazi ilikuwa kwenye ushahidi. Kabla ya kulipia kuchoma, Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, hutaka sindano za majaribio za ganzi zifanywe mara 2, na kila mara maumivu yapungue kwa asilimia 80 au zaidi. Ripoti zetu zilisema tu “mgonjwa amepata nafuu”. Nikatengeneza fomu fupi: maumivu kabla, maumivu baada, saa ngapi. Daktari alininunia, akauliza kama siku hizi bima ndiyo inatibu. Nikamjibu, “Hapana, daktari, ila ndiyo inayolipa.” Akaanza kuijaza.

Madai ya nyuma yasiyo na vipimo niliyaacha yafe. Siwezi kuandika asilimia ambayo hakuna aliyeipima, hata ningebembelezwa vipi. Na yale yaliyokwisha kulipwa kwa 64636 ya ziada ilibidi fedha zirudishwe, maana ukishagundua kwamba Medicare imekulipa kupita kiasi, sheria inataka uirudishie. Mwenye kliniki hakufurahi, lakini cheki aliisaini.

Siku hizi kila aliyechomwa tunampigia simu miezi 6 ikitimia kumuuliza hali, na jibu linaingia kwenye faili siku hiyohiyo. Asipokuwa amepata nafuu ya angalau asilimia 50 kwa muda huo wote, Medicare hailipii kurudia palepale.