Siku ya unga na kadi 20

Kosa lilikuwa kwenye kadi. Tulitaka watoto waisikie lugha ya asili ya mama zao, basi tukawaandikia akina mama sentensi 20 za lugha hiyo, wazitumie wakikanda unga wa kuchezea na watoto. Wengi wao lugha waliisikia, kuisema hawakuweza.

Unga wenyewe haukuwa na shida: ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, mafuta kijiko 1, na maji kama kikombe 1, yakimiminwa kidogo kidogo. Ukiyamwaga yote mara moja unga unanata vidoleni, na mtoto wa miaka 2 hana subira na vidole vinavyonata.

Shida ilikuwa macho. Mama anayesoma kadi hamtazami mtoto, na mikono yake haina kazi. Baada ya dakika 10 watoto wengi walishaondoka mezani. Waliobaki walikuwa wakitafsiriwa: mama anasema sentensi, kisha anairudia kwa lugha kubwa. Mtoto akishajua tafsiri inakuja, ya kwanza anaiacha ipite.

Tulikuwa tumeiga kōhanga reo, “viota vya lugha”, yaani vituo vya watoto wadogo vya kuhuisha lugha, ambavyo Wamaori wa Nyuzilandi walianza kuvifungua mwaka 1982, na vituo vya aina hiyo vya Hawaii, Pūnana Leo, vilivyofuata 1984. Tuliiga sharti la lugha moja ndani ya mlango, na la mzazi kujifunza pia. Tulichosahau ni kwamba kule mwanzoni lugha ilitoka vinywani mwa wazee, si kwenye karatasi.

Bibi tuliyekuwa naye, mzungumzaji wetu pekee aliyekulia katika lugha hiyo, alizikusanya kadi akaziweka chini ya beseni. Akabakiza semi 5: mimina, kanda, bado kikavu, nipe kidogo, tazama changu. Kila usemi na tendo lake: yeye anasema huku akitenda, mama anarudia akitenda, mtoto yuko katikati.

Baadaye nilizipitia zile kadi. Sentensi 14 zilikuwa amri: kaa, acha, usiguse. Amri hutiiwa kimyakimya, haimwachii mtoto la kujibu. Tena lugha inageuka kuwa ya kukaripiwa tu. Bibi naye alikuwa na amri zake, lakini “bado kikavu” na “tazama changu” hata mtoto anaweza kuzisema.

Mmoja akasema. Alibonyeza kidonge chake cha unga, akamwambia mama yake, “Bado kikavu.” Mama akageuka kumtazama bibi, kisha akachukua kikombe cha maji.